Lori moja, foklifti moja, wanafunzi 12: wiki inapotelea wapi?

*Swali: Ninaendesha kituo kidogo cha kufundisha udereva wa lori na foklifti. Nina lori moja la kuvuta tela, foklifti moja ya tani 2.5 na walimu wawili, mmoja wa lori na mmoja wa foklifti. Kila wiki napokea wanafunzi 12, nusu kwa nusu. Jumatatu nzima wako darasani. Kuanzia Jumanne mmoja anaendesha, watano wamekaa kwenye benchi. Ijumaa mtihani tunaufanya mbio mbio. Wa lori wanakwama kwenye kurudi nyuma na tela. Kwenye foklifti, wiki iliyopita wawili waliangusha mzigo, na mmoja, tena dereva wa lori wa miaka mingi, alikata kona mashine ikiwa tupu mpaka tairi ya ndani ikanyanyuka. Nafikiria kununua foklifti ya pili. Pia nataka madereva wa lori niwape kozi ya foklifti ya siku moja, maana kuendesha wanajua. Nishauri.*

Umeuliza kuhusu kununua na kuhusu kufupisha, lakini tatizo lako ni moja: unahesabu vichwa. Kinachomfundisha mtu kazi hii ni dakika alizokaa kwenye kiti cha dereva huku mwalimu anamtazama yeye peke yake. Benchi halimfundishi.

Tuzihesabu hizo dakika. Siku ya saa 8, ukitoa ukaguzi wa asubuhi, kupanga koni, chakula, mapumziko na kujaza mafuta, inakuachia kama saa 6 za mashine kutembea. Jumatatu umeipa darasa, Ijumaa umeipa mtihani. Zinabaki siku 3, yaani saa 18, ambazo watu 6 wanagawana. Kila mmoja anaondoka na saa 3 kwa wiki nzima. Mtu ambaye hajawahi kugusa levya za foklifti, kwa saa 3 anakuwa ndiyo kwanza ameacha kuangalia mikono yake. Ndipo unapompeleka kwenye mtihani.

Foklifti ya pili haitakuongezea hata dakika moja kama mwalimu wa foklifti anabaki mmoja. Mwanafunzi mgeni anahitaji mwalimu aliye karibu kiasi cha kusikika akisema "simama", na macho ya mwalimu huyo hayawezi kuwa kwenye milingoti miwili (nguzo za mbele zinazopandisha mzigo) inayopanda kwa wakati mmoja. Uwiano unaotumika sana katika mafunzo haya ni mwalimu 1, mashine 1, wanafunzi wasiozidi 3. Kwa hiyo wanafunzi wako 6 ni makundi mawili, na unayefikiria kumwongeza kwanza awe mwalimu, mashine itafuata.

Bila kununua chochote, una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kupokea wanafunzi 3 wa foklifti kwa wiki. Ya pili, ambayo mimi naipendelea, ni kundi la asubuhi na kundi la mchana, kila moja watu 3, kwa wiki 2. Kila kundi linapata nusu siku 10 za saa 3. Ukitoa utangulizi na mtihani, kila mwanafunzi anabaki na kama saa 8 za kitini. Zaidi ya hapo, zimetenganishwa na usingizi. Mikono hujifunza vizuri zaidi kwa vipande vifupi vilivyoachana kuliko kwa siku moja ndefu. Kosa lililokuwa linamsumbua mtu saa 9 mchana mara nyingi asubuhi hulikuti. Anayesoma nusu siku anaweza pia kuendelea na kibarua chake, na wapo wengi ambao kwao hilo ni jambo kubwa kuliko kumaliza haraka.

Ubaya wake ni wazi: utakuwa unapitisha watu 6 kwa wiki 2 badala ya 12, kwa hiyo ada ya sasa haitatosha. Kabla hujaogopa, weka kwenye hesabu marudio ya bure ya waliofeli, paleti zilizovunjika, na siku mashine iliposimama baada ya mzigo kuanguka. Hizo nazo ni ada, ila unazilipa wewe.

Sasa huyo dereva wa lori aliyenyanyua tairi. Wengi hudhani foklifti tupu ni salama kuliko yenye mzigo, na kwamba mwenye uzoefu wa lori ana nafuu. Yote mawili ni kinyume.

Foklifti ni pembea. Egemeo lake ni ekseli ya mbele. Mzigo uko upande mmoja, chuma kizito kilichofungwa nyuma kiko upande wa pili. Ukiitazama kutoka juu, inasimama juu ya pembetatu: tairi mbili za mbele ni pembe mbili, na pembe ya tatu ni pini iliyo katikati ya ekseli ya nyuma, kwa sababu ekseli hiyo inachezacheza kufuata ardhi. Mashine imetulia maadamu uzito wake wote kwa jumla unaangukia ndani ya pembetatu hiyo. Ukibeba mzigo, uzito unasogea mbele, pembetatu ilipo pana. Mashine ikiwa tupu, uzito unarudi nyuma, pembetatu inapochongoka. Hapo pembeni hakuna nafasi. Mwendo kidogo, usukani wa ghafla, na tairi ya ndani inaachana na sakafu, kama ulivyoona.

Kwa nini imtokee dereva wa lori hasa? Kwa sababu mazoea yake ni mazuri, ila ni ya chombo kingine. Lori hukata kona kwa mbele, na nyuma hufuata kwa kubana ndani; ndiyo maana dereva wake hutanua kwanza, kisha hukunja. Foklifti hukata kona kwa nyuma. Mkia wake hutupwa nje, hivyo anayeingia kwenye njia nyembamba anapaswa kukaa karibu na upande wa ndani na kuanza kukunja tairi ya mbele inapofika usawa wa pembe. Dereva wa lori akitanua kama alivyozoea, anakosa nafasi ya mkia, anashtuka, anaongeza usukani. Breki nayo ni hivyo hivyo. Kwenye lori mzigo umefungwa, na ukishika breki unabaki juu yake. Kwenye foklifti mzigo umekaa tu juu ya meno, yale mawili marefu ya chuma yaliyo mbele. Breki ya ghafla inausukuma mbele na kuipunguzia nyuma uzito wakati huo huo.

Mtu huyu anahitaji muda wa kusahau kabla ya kujifunza, kwa hiyo kozi ya siku moja kwake ni kosa. Unachoweza kumpunguzia ni darasa: ukaguzi wa mafuta na tairi, alama za usalama, uzito na kufunga mizigo, hivyo anavijua, mpime kwa maswali na umruke. Saa za kitini usiziguse. Kanuni ya OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, kwa mfano, inaruhusu kutorudia somo ambalo mtu ameshafundishwa, lakini kwa sharti kwamba mafunzo yale yalihusu aina hiyo ya mashine na mazingira hayo ya kazi, na kwamba amepimwa akaonekana anaweza. Kanuni hiyo hiyo inataka mwendeshaji apimwe upya angalau kila miaka 3. Kozi fupi ni ya mtu aliyewahi kuendesha foklifti anayerudi kunoa. Dereva wa lori hayumo humo.

Na siku ya kwanza kabisa, kabla ufunguo haujazungushwa, kila mwanafunzi aoneshwe la kufanya foklifti ya kukalia ikianza kupinduka: mkanda umefungwa, shika usukani kwa nguvu, kanyaga sakafu, inamia upande ulio kinyume na inakoangukia, baki ndani. Anayeruka hutua palepale ambapo paa la mashine linaangukia. Mwili wenyewe hutaka kuruka; ndiyo maana jambo hili hufanyiwa mazoezi kitini, mashine ikiwa imezimwa, mara kadhaa, mpaka liwe la kwanza kuja.

Mizigo miwili iliyoanguka. Sikuiona, lakini kuna jambo moja la kuangalia kabla ya mengine: nafasi kati ya mzigo na uso wa meno, yaani ule upande wa wima yanakoanzia. Foklifti nyingi za ukubwa wako zina kibao kinachosema kilo 2,500 kwa sentimita 50, maana yake kitovu cha uzito wa mzigo kiwe sentimita 50 kutoka kwenye uso wa meno. Mwanafunzi mwoga huingiza meno nusu nusu, anaacha sentimita 20 wazi. Kitovu kimehamia sentimita 70. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi uso wa meno ni sentimita 45: 2,500 mara 95, gawa kwa 115, unapata kama kilo 2,065. Zaidi ya kilo 400 za uwezo zimepotea na hakuna taa iliyowaka. Hesabu hii ni ya kufundishia tu. Kazini neno la mwisho ni la kibao cha mashine, na ukiongeza kifaa chochote mbele ya mlingoti kibao hicho hakitoshi tena, unahitaji kingine kinachotaja kifaa hicho.

Basi fundisha kuchukua mzigo kama sala, hatua zile zile kila mara. Simama mbele ya mzigo. Mlingoti wima, meno sawa na sakafu. Panda hadi usawa wa paleti. Ingia mpaka mzigo uguse uso wa meno. Nyanyua kidogo tu, egemeza nyuma kidogo. Tazama nyuma, rudi hadi uachane na rafu. Simama. Shusha mpaka sentimita 10 hadi 15 kutoka chini, egemeza nyuma zaidi, ndipo uende. Kosa la pili kwa wingi ni hapo kwenye "simama": mtu anarudi, anashusha na kukunja usukani vyote pamoja, kwa sababu amewaona wazoefu wakifanya hivyo. Kosa la tatu ni kuinamisha mlingoti mbele mzigo ukiwa juu. Mbele unainamishwa tu mzigo ukiwa juu kabisa ya mahali unapowekwa.

Wiki ya kwanza usitumie mzigo mzito wala paleti tupu. Paleti tupu haifundishi chochote, mashine haiisikii. Tumia mzigo unaoujua uzito wake, kama nusu ya uwezo wa mashine, uliofungwa vizuri, na usipandishe zaidi ya kimo cha mtu mpaka hatua zile zimetulia. Mteremko uje mwishoni: ukiwa na mzigo, mzigo uelekee mlimani unapopanda na unaposhuka, maana yake unashuka kinyumenyume, ukiwa tupu, meno yaelekee bondeni. Kugeuza kwenye mteremko, hapana.

Kwenye lori, hesabu ya viti ni ile ile ila dawa ni rahisi zaidi. Wapange wawili wawili, kila jozi kwa zamu ya saa 2. Mmoja anaendesha, mwenzake anakaa kiti cha ziada na karatasi, akiweka alama kila dereva anapotazama kioo. Baada ya saa moja wanabadilishana. Jozi ya saa 8 mchana isiitwe kituoni saa 2 asubuhi.

Kuhusu kurudi nyuma, walimu wengi hulaumu woga, na hapo sikubaliani nao. Tatizo ni ucheleweshaji. Ukikunja usukani kulia huku unarudi, mkia wa kichwa cha lori huenda kulia na mkia wa tela huenda kushoto. Lakini tela halijibu papo hapo. Linahitaji mita kadhaa kuonesha ulichokiamuru. Mwanafunzi anakunja, anatazama kioo, haoni kitu, anaongeza. Tela linapoanza kujibu linajibu amri mbili kwa pamoja, naye anakunja upande wa pili, tena kupita kiasi, mpaka kichwa na tela vinakunjana kama kisu cha mfukoni. Tela fupi hufanya hivyo haraka kuliko refu, kwa hiyo kama lako ni fupi, wanafunzi wako wanajifunza kwenye gumu zaidi.

Mwambie maneno matatu: robo, subiri, rudisha. Robo ya mzunguko wa usukani, subiri tela lianze kwenda, rudisha usukani kabla halijafika unapotaka. Ashike sehemu ya chini kabisa ya usukani. Hapo mkono ukienda kulia tela nalo linaenda kulia, na mgogoro wa kichwani unaisha. Kwenye mstari ulionyooka kanuni ni moja: tela likijitokeza kwenye kioo kimoja, sehemu ya juu ya usukani ikunjwe kuelekea kioo hicho, kidogo. Mwendo ni wa injini yenyewe ikiwa imetulia, gia ya nyuma, bila kukanyaga mafuta.

Anza na mstari mnyoofu wa mita 40, koni zikiwa zimeachana mita 4.5. Usihesabu koni zilizoguswa. Hesabu mara ngapi usukani umekunjwa. Aliyefika kwa kukunja mara 6 anajifunza, na aliyefika kwa mara 25 bila kugusa koni amebahatisha. Idadi ikishuka, sogeza koni hadi mita 3.5. Kona za upande wa dereva zifuate, za upande asiouona ziwe mwisho. Dakika 20 za kurudi nyuma zinatosha kwa kipindi. Baada ya hapo akili imechoka na mwanafunzi anaanza kujifunza makosa. Mpeleke barabarani au kwenye kuunga tela, kisha mrudishe. Na kushuka kwenda kuangalia nyuma kusimpunguzie mtu alama hata moja. Mtu anayeona aibu kushuka kituoni hatashuka kwenye ghala la mteja.

Kila asubuhi jozi ya kwanza ipewe dakika 15 za breki za upepo, kwa zamu, ili hadi wiki inaisha kila mmoja awe amezipima mwenyewe. Tela likiwa limeungwa na tairi zimewekewa kabari, jaza upepo, zima injini, achia breki za kuegeshea, kanyaga pedali ya breki na kushikilia dakika nzima. Kwa kipimo kinachotumika kwenye mtihani wa madereva wa malori Marekani, lori na tela lisipoteze zaidi ya psi 4 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo). Kisha washa umeme bila injini na ukanyage na kuachia: onyo linapaswa kuja kabla upepo haujashuka chini ya psi 60. Mwanafunzi aelewe pia kwa nini lori lililokosa upepo linajifunga: breki za kuegeshea hushikwa na springi, upepo kazi yake ni kuziachia. Asiyelielewa hilo ndiye atakayehangaika na mafuta lori lisipoondoka. Kwenye kuunga tela, baada ya kuvuta kidogo mbele kwa gia ya chini ili kujaribu kama limeshika, lazima mtu ashuke na tochi na aone kwa macho kwamba taya za kichwa cha lori zimeifunga pini ya tela. Kuvuta peke yake kumewahi kudanganya.

Ratiba yenyewe haitaki maneno mengi. Jumatatu darasa liwe dakika 90 tu, mengine yagawe vipande vya dakika 30 kila siku, kila kipande kuhusu zoezi la siku hiyo. Mambo mapya magumu yaingie katikati ya wiki, siku moja kabla ya mtihani isiingie jambo jipya lolote. Mtihani wa foklifti uhesabie dakika 40 kwa mtu, ukaguzi wa mashine ukiwemo. Kundi la watu 3 linamaliza kwa saa 2. Ukiweza, mpimaji asiwe yule aliyemfundisha, maana mwalimu huona alichokusudia kufundisha. Kama foklifti yako ni ya betri ya asidi, kumbuka chaji kamili huchukua kama saa 8, na betri hutaka kupoa baada yake. Kundi la mchana lisije likakuta mashine inakokota. Maji ya betri yaongezwe baada ya chaji, mahali penye hewa na pasipo moto, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa hidrojeni.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatayamaliza. Mashine iliyonyanyua tairi na zile meno zilizoangusha mzigo zitazamwe na fundi wa foklifti kabla ya Jumatatu: minyororo, tairi, mlingoti, na hasa unene wa meno kwenye kona yake, kwani meno yaliyoliwa asilimia 10 ya unene hapo yanatakiwa kutolewa kazini. Kama kibao cha uwezo hakisomeki, mashine isimame mpaka kipatikane. Lori linalopoteza upepo kuliko kipimo halifundishiwi wala halitengenezwi na mwalimu. Mwanafunzi anayekosea umbali siku baada ya siku, au anayesema anaona kizunguzungu mlingoti ukipanda, apimwe macho na daktari kabla hujamwandika kuwa mzito wa kujifunza. Na kabla hujabadilisha urefu wa kozi, peleka ratiba mpya kwa mamlaka inayokupa kibali. Saa za chini kabisa wanazodai kwa kila daraja la leseni ndizo utakazoanzia kujenga wiki yako.